Upande wa mawe na upande wa makuti: kwa anayempeleka mama Kisiwa cha Msumbiji

*"Mimi ni mwalimu, naishi Mtwara. Mama yangu ana miaka 67, ana presha lakini anatembea vizuri. Babu yake alikuwa akisafiri na jahazi mpaka Kisiwa cha Msumbiji, na jina hilo nimelisikia nyumbani tangu utotoni. Nimeweka akiba nimpeleke mwezi wa saba, siku tatu. Nimesoma kuwa ni mji wa Kireno uliohifadhiwa vizuri na uko kwenye orodha ya UNESCO. Lakini jamaa yangu aliyewahi kufika ananikatisha tamaa: anasema nusu ya majumba ni magofu, na nusu nyingine ya kisiwa ni vibanda vya makuti ambako mgeni hana la kufanya, kwa hiyo twende asubuhi turudi jioni. Wengine wananitisha na vita vya Cabo Delgado. Na mimi mwenyewe nina dukuduku: kwa nini nitoe pesa yangu nikashangae majumba ya watu waliowauza babu zetu? Naomba ushauri wa kweli."*

Ndugu mwalimu, shikamoo zangu zimfikie mama kwanza.

Umeuliza mambo manne kwa pamoja: njia, magofu, makuti, na hilo dukuduku. Nikisoma barua yako mara ya pili naona hofu yako hasa ni kumchukua mzee wa miaka 67, kutumia akiba yote, halafu akarudi na picha za kuta zilizoanguka. Hofu hiyo ina haki. Mimi kazi yangu ni kukarabati nyumba za mawe na chokaa, nyingi Unguja, na kisiwa hicho nimekifikia mara tatu. Nitakueleza ninavyokiona kwa jicho la fundi.

Nianze na njia, maana hapo sina mjadala. Kwenye ramani inashawishi sana: unatoka Mtwara, unavuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010, unashuka kusini. Usipite huko. Njia hiyo inakuingiza Cabo Delgado, mkoa ambao umekuwa na mashambulizi ya wanamgambo tangu Oktoba 2017, na mara kadhaa yamevuka mto Lúrio mpaka wilaya za kaskazini za mkoa wa Nampula, Memba ikiwa mojawapo. Kisiwa chenyewe kiko kusini zaidi, lakini hali hubadilika kwa wiki, si kwa mwaka. Panda ndege hadi Nampula hata kama utaunganisha mara mbili. Kutoka Nampula ni kilomita 180 hivi za barabara, unapitia Monapo mpaka Lumbo, kisha daraja la kuingia kisiwani. Kodi gari dogo. Chapa, ambazo ndizo daladala za kule, zinabana na kusimama kila mahali, na mama yako hahitaji adhabu hiyo. Kabla ya kulipia tiketi, nenda mwenyewe au piga simu ubalozi wa Msumbiji Dar es Salaam, uulize hali ya usalama ya wiki hiyo, masharti ya kuingia, na kadi ya homa ya manjano. Jambo hilo usilimalizie kwa jamaa wala kwangu.

Mwezi wa saba umechagua vizuri. Ni kipupwe, mvua ni haba, joto linavumilika. Januari hadi Machi ndio kilele cha msimu wa vimbunga na si maneno matupu: Gombe alipiga Machi 2022, Jude akapiga Machi 2025, wote wakiingilia pwani ya Mossuril, ng'ambo tu ya kisiwa. Ukiona paa limeezuliwa, kabla hujamlaumu mwenye nyumba, uliza lilikuwaje kabla ya upepo.

Sasa tuje kwenye neno linalokusumbua bila wewe kujua: "uliohifadhiwa". Wengi wakilisikia wanadhani kuna mtu alikaa na ndoo ya rangi miaka yote akiutunza mji. Hakuna. Mji ule ulibaki kwa sababu ulisahauliwa. Wareno walianza kukaa pale 1507, wakaufanya kituo cha meli zao za kwenda India, na mpaka 1752 mambo ya pwani yao yote yaliamuliwa kutoka Goa, koloni lao la India. Kisiwa kikawa makao makuu ya koloni. Mwaka 1898 serikali ikahamia Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Baadaye biashara ikahamia bandari ya Nacala, yenye kina kirefu na reli. Fedha ilipoondoka, hakuna aliyekuwa na sababu ya kubomoa nyumba ya zamani ajenge ghorofa. Ufukara ukawa ndio mlinzi. Lakini mlinzi huyo hatii chokaa ukutani, na ndiyo maana jamaa yako aliona magofu. Hakukudanganya.

Alichokosa ni kujua gofu linatokeaje, na hilo nataka ulielewe kabla hujaenda, maana ukilielewa utatembea mitaa ile kama mtu anayesoma.

Kuta za kule ni jamaa wa kuta za Kilwa, Lamu na Unguja: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo, na boriti. Paa si la mgongo kama ya Ulaya; ni la bapa, lenye mwinamo mdogo sana usiouona kwa macho. Sababu yake ni maji. Kisiwa hakina mto wala chemchemi ya kutegemea, kwa hiyo kila paa ni beseni. Mvua inanyesha, maji yanateremka taratibu kwa mfereji, yanaingia kwenye birika chini ya nyumba. Nenda ngomeni São Sebastião ukaone jambo hilo kwa ukubwa wake: mapaa mapana yanayokusanya mvua na birika ambalo watu wa kisiwani waliendelea kuteka maji yake mpaka zama zetu. Ngome ilianza kujengwa 1558 na ujenzi ukachukua miaka kama 60. Waholanzi walipokuja kuizingira 1607, na tena 1608, waliuchoma mji lakini ngome hawakuipata. Watu husifia mizinga. Mimi nasifia birika. Aliye na maji ndani ya kuta anaweza kusubiri.

Basi paa la bapa likitunzwa, nyumba inaishi. Kila mwaka baada ya mvua linapigwa chokaa upya, nyufa zinazibwa. Likiachwa, maji yanatafuta ufa, yanafika kwenye boriti, na boriti inaoza kwanza pale isipoonekana, ile ncha iliyozama ndani ya ukuta. Siku moja inakatika. Paa likishuka, kichwa cha ukuta kinabaki wazi kwa mvua, chokaa inayeyuka kidogo kidogo kutoka juu, mtini unatia mzizi, na kinachofuata umekiona kwenye picha za jamaa yako. Uhuru ulipopatikana 1975, wenye nyumba wengi waliondoka, na mwaka uliofuata nyumba za kupangisha zikataifishwa. Kisha vita vya ndani, mpaka 1992: watu wa bara wakakimbilia kisiwani, kisiwa kikajaa kupita kiasi, na nani angenunua chokaa wakati wa njaa? Usiwacheke. Sisi Unguja, bila vita, tuliona sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ikianguka Desemba 2020.

Kuna adui mwingine ambaye huonekana kama rafiki, naye ni saruji. Ukuta wa matumbawe unapumua; unyevu na chumvi ya bahari vinaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukipiga lipu ya saruji, umeuziba pua. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inavimba, na uso wa ukuta unabambuka vipande vipande. Ukifika, fanya jaribio hili na mama: weka kiganja ukutani. Chokaa itakuachia unga mweupe mkononi. Saruji haitakuachia kitu, ila tazama chini, usawa wa goti, utaona imetuna na kupasuka. Baada ya mitaa miwili mtakuwa mnabashiri nyumba ipi itaanguka kwanza. Ni mchezo wa huzuni kidogo, lakini sijawahi kuona mgeni aliyechoka nao.

Kuhusu makuti, hapa ndipo jamaa yako alipokupotosha hasa. Kisiwa ni kidogo, urefu wake kama kilomita tatu na upana haufiki hata nusu kilomita sehemu nyingi. Kaskazini ni mji wa mawe, kusini ni mji wa makuti: nyumba za fito na udongo, paa la makuti, siku hizi mabati mengi. Ukitembea kuelekea kusini utashangaa jambo moja: barabara iko juu, nyumba ziko chini. Unasimama njiani unatazama mapaa ya watu kama uliye kwenye roshani. Jibu ni kwamba pale palikuwa machimbo. Mawe yaliyojenga majumba ya kaskazini yalichimbwa kusini, na waliochimba, kubeba na kuchoma chokaa, pamoja na wavuvi na watumishi, wakajenga makazi yao ndani ya mashimo yaliyobaki. Barabara tu ndizo zilizoachwa kwenye usawa wa ardhi ya zamani.

Fikiria maana yake. Kila ukuta unaousifia kaskazini una shimo lake kusini. UNESCO ilipokiorodhesha kisiwa mwaka 1991 iliorodhesha chote, si ile nusu ya mawe, na walikuwa sahihi, kwani ukitoa upande mmoja, mwingine hauelezeki. Mvua ikinyesha, maji hutuama kwenye mashimo hayo, ndani ya nyumba za watu. Mtu aliyekwenda mara moja mchana wa jua kali hawezi kuliona hilo. Kwa hiyo ukiniambia "mgeni hana la kufanya kule", nitasema mgeni ambaye hakushuka kule amelipia kitabu akasoma jalada.

Lakini shuka kwa adabu. Ni majumbani mwa watu, na njia hupita karibu na majiko yao. Tafuta kijana wa palepale awatembeze, mpatane bei kabla, mwende asubuhi au baada ya alasiri. Simu ya kupiga picha ikae mfukoni mpaka uombe ruhusa. Salamu ya Kimakhuwa ni "Salaama", rahisi kwenu. Na kama mna jirani Mmakua wa Masasi, akufundisheni maneno mawili matatu zaidi, lahaja zinatofautiana ila nia itaeleweka. Kiswahili chenu mtakisikia kikipita ndani ya maneno yao, na kwa wazee wachache kitatosha kabisa. Kwingine kote Kireno ndicho kinachofungua milango ya ofisi na maduka.

Mama ndiye atakayefaidi kuliko wewe. Atawaona wanawake wamejipaka usoni kitu cheupe, msiro, kinachosagwa kutoka kwenye mti kwa jiwe na maji. Anajua liwa, hatahitaji kuelezwa. Akibahatika kukuta tufo, ile ngoma ya wanawake wanaoimba wamekaa mistari, wamevaa sare za leso, atasikia matari na kasida na atakuuliza kwa nini ulimwambia mnakwenda kwa Wareno. Tarika ya Shadhilia, yaani njia ya masufi, ilifika pale 1897 kutoka Komoro, na Kadiria mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Zanzibar. Njia ya babu yake ya jahazi ndiyo iliyokuwa njia ya masheikh. Na kabla ya yote hayo, Vasco da Gama alipotia nanga Machi 1498, alikuta Waislamu, masheikh wao na vyombo vya biashara vya Kilwa na Arabuni. Jina la kisiwa lenyewe linasimuliwa kuwa limetokana na mtawala wao, Musa bin Biki au Mussa Mbiki kutegemea anayesimulia, kisha likapewa nchi nzima.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ni mji wa Kireno, nakujibu kifundi. Ngome ni ya Kireno bila ubishi, na kanisa dogo lililo nyuma yake, Nossa Senhora do Baluarte la 1522, ni la Kireno pia na linahesabiwa kuwa jengo la Kizungu kongwe kuliko yote yaliyosimama kusini mwa ikweta. Lakini majumba mengi ya biashara yalikuwa ya Mabaniani, wafanyabiashara Wahindi wa Diu, waliopewa ukiritimba wa biashara ya kwao na kisiwa tangu 1686. Na ukuta, boriti na chokaa ni ufundi wa pwani hii yetu. Samani za jumba la gavana, ambalo mapadri Wajesuti walinyang'anywa mwaka 1759 na leo ni makumbusho, nyingi zina mkono wa mafundi wa India. Mreno alitoa amri. Mji ulitoka mikononi mwa wengine.

Hapo ndipo dukuduku lako. Sitakuambia ulisahau, wala sitakuambia kwamba "historia ni historia". Watu waliuzwa pale, kwa maelfu, kwenda visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi na kwenda Brazil. Kuna meli moja ninayoikumbuka kila nikisimama kwenye gati: São José. Iliondoka kisiwani Desemba 1794 na watu zaidi ya 400 chini ya sitaha, ikielekea Maranhão huko Brazil. Siku ya tarehe 27 mwezi uleule ikavunjikia miambani karibu na Cape Town. Watu 212 wakafa. Waliookolewa hawakuachiwa huru. Waliuzwa palepale Cape. Mwaka 2015 wazamiaji walimwaga juu ya mabaki ya meli hiyo udongo uliochukuliwa Mossuril, kule bara ulikokuwa mwanzo wa safari yao.

Ila usiende na hasira ya upande mmoja. Mnunuzi Mfaransa, nahodha Mreno, Baniani mwenye mtaji, machifu wa bara na wafanyabiashara Waislamu wa pwani, wote walikuwa na sehemu yao kwenye mnyororo huo. Hili ni gumu kumeza kwa sisi watu wa pwani, na ndiyo sababu mojawapo ya kwenda. Kuhusu pesa, ukiwa na mashaka, chagua mahali inapoangukia. Ukilala kwa mwenyeji, ukala samaki kwa mama wa mtaani, ukamlipa kijana wa makuti, pesa yako haikwenda kwa gavana. Ile safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni ndiyo inayoacha senti chache kuliko zote kisiwani, tena inakufikisha saa sita mchana, saa ambayo hata mbuzi wamejificha. Si ajabu jamaa aliona magofu tu.

Lalani, basi. Siku tatu zinatosha bila kukimbia. Tafuta chumba cha chini, kwani ngazi za nyumba zile ni za mwinuko mkali na mama atazichukia usiku. Uliza chandarua na feni kabla hujalipa. Ngomeni mwende asubuhi na mapema, mkimaliza kwa kanisa la Baluarte upande wa bahari. Makumbusho ya jumba la gavana yafaa kwa saa za joto. Kusini mwende siku ya pili mkiwa mmeshazoeana na watu. Watoto ufukweni watakuuzia shanga ndogo za kale zinazotupwa na mawimbi kutoka kwenye mabaki ya meli. Ni nzuri, lakini ziache, na usinunue kipande chochote cha sahani au sarafu ya zamani. Wakikuambia mkodi dau kwenda visiwa vya jirani, tazama idadi ya watu na uliza maboya ya kujiokolea. Aprili 2024 chombo kilichojaza watu kikitoka Lunga kuelekea kisiwani kilizama, wakafa zaidi ya 90. Kama nahodha anasema "nafasi bado ipo" na wewe unaona haipo, rudini nyuma.

Presha ya mama usiipime kwa macho ya mtoto anayempenda. Wiki tatu kabla, mpeleke kwa daktari wake, mweleze kuwa kuna safari ya ndege, joto na kutembea. Aamue yeye kama anaweza kwenda, ampe dawa za kuzidi siku za safari, na aseme ni dawa gani ya kuzuia malaria isiyogombana na hizo anazotumia. Msumbiji malaria ni nyingi mno. Maji mnywe ya chupa au yaliyochemshwa. Hospitali ya kisiwani mtaipita, jengo kubwa lenye nguzo la karne ya 19, zuri kwa picha. Lakini mgonjwa mahututi anayehitaji hospitali kuu itabidi afike Nampula, na hizo ni kilomita 180. Kama daktari atasita, ahirisha. Kisiwa kipo.

Jambo moja la kufanya wiki hii. Muulize mama jina la jahazi la babu yake, jina la nahodha, na bandari waliyokuwa wakitokea: Mikindani, Kilwa au kwingine. Yaandike kwenye karatasi. Siku ya pili, mkiwa kule kusini, keti na mama kwenye kivuli karibu na wavuvi wanaoshona nyavu, halafu mwache yeye ayasome kwa sauti.